Kufundisha Neno "Moja" katika Kihispania

Mwalimu anayeanza kufundisha lugha ya kigeni aghalabu huanza na mambo mawili: maamkizi na hesabu. Maamkizi humwezesha mwanafunzi kubisha hodi kwa watu, na hesabu humwezesha kununua na kuuza. Ndiyo maana katika somo la kwanza au la pili la Kihispania ubao hujaa maneno haya: "uno, dos, tres, cuatro, cinco", na mbele ya kila neno huandikwa maana yake kwa Kiswahili. Wanafunzi huyatamka kwa pamoja, huyakariri, na kabla kengele haijalia wote wanaweza kuhesabu hadi kumi. Mwalimu hutoka darasani ameridhika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwalimu huyo ameridhika mapema mno. Neno la kwanza katika orodha hiyo si neno la hesabu tu. Ni mlango wa sarufi nzima ya nomino za Kihispania, na mwanafunzi akiupita bila kufunguliwa vizuri atakuwa akirudi kuubisha mwaka hata mwaka.

Mimi mwenyewe nilifundisha kwa njia hiyo kwa muda mrefu, na aliyenifumbua macho ni kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye alikuwa akitafuta kazi ya kuongoza watalii. Asubuhi moja alipigiwa simu na mgeni, akaambiwa afike siku hiyo hiyo "a la una". Kijana alikuwa amejifunza kwangu kwamba "una" ni moja. Kwa kuwa saa moja ya asubuhi ilikwisha kupita, akafika saa moja jioni, amevaa vizuri, na vyeti vyake mkononi. Aliyemwita alikuwa amemngojea tangu saa saba mchana, na nafasi ilikwisha kupewa mtu mwingine. Kijana hakunilaumu. Alinionyesha daftari lake tu, na humo mliandikwa kwa hati nzuri maneno niliyoyaandika mimi ubaoni: "uno, una: moja".

Kihispania hutumika katika shughuli za serikali katika nchi ishirini. Barani mwetu nchi hiyo ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake kutoka Hispania mwaka 1968. Madaktari wa Kenya waliopelekwa Kuba kwa masomo mwaka 2018 walihitaji lugha hii, na waongozaji wa watalii wa Arusha na Unguja huihitaji kila msimu. Kwa hiyo kosa la darasani halibaki darasani.

Sura tatu za neno hilo

Kwanza yafaa mwalimu mwenyewe awe na picha kamili. Neno la Kihispania lenye maana ya moja lina sura tatu katika umoja. Sura ya kwanza ni "uno". Hii hutumika katika kuhesabu tu: "uno, dos, tres". Hutumika pia inaposimama mahali pa nomino ya jinsia ya kiume iliyoachwa. Mtu akiulizwa ana vitabu vingapi, "¿Cuántos libros tienes?", atajibu "Uno", au "Tengo uno".

Sura ya pili ni "un". Hii hutumika neno hilo linapotangulia nomino ya jinsia ya kiume: "un libro", kitabu kimoja; "un cuaderno", daftari moja; "un lápiz", penseli moja. Irabu ya mwisho huanguka, na huanguka hata kama kivumishi kimeingia katikati: "un buen libro", kitabu kimoja kizuri. Kusema "uno libro" ni kosa linaloumiza sikio la Mhispania kama vile "kitabu moja" linavyoumiza sikio la Mswahili.

Sura ya tatu ni "una". Hii hutumika pamoja na nomino ya jinsia ya kike: "una mesa", meza moja, "una silla", kiti kimoja, "una naranja", chungwa moja. Sura hii kwa kawaida haipunguzwi. Huwa "una" mbele ya nomino, na hubaki "una" nomino ikiachwa. Ukiulizwa "¿Cuántas mesas?" utajibu "Una".

Ziko pia sura mbili za wingi, "unos" na "unas". Hizi hazina tena maana ya moja, bali maana ya baadhi. Zikitangulia idadi huleta maana ya "kama" au "takriban": "unos veinte libros" ni kama vitabu ishirini. Mwalimu asizifundishe siku ya kwanza, lakini asishangae mwanafunzi akizikuta katika kusoma.

Kile alicho nacho mwanafunzi tayari

Vitabu vingi vya Kihispania vinavyofika kwetu viliandikwa kwa ajili ya wanafunzi wanaosema Kiingereza. Katika lugha hiyo neno la moja halibadiliki kwa kufuata nomino, na kwa sababu hiyo vitabu hivyo huyaeleza mabadiliko ya "un" na "una" kama jambo geni lenye kuhitaji subira. Mwalimu akifuata maelezo hayo neno kwa neno, anamfanya mwanafunzi wetu mgeni mahali ambapo ni mwenyeji.

Wazee wetu husema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba mkono mmoja haulei mwana. Hakuna mtoto anayesema "kidole mmoja" wala "mkono kimoja". Mswahili hubadilisha kiambishi cha "-moja" kwa kufuata ngeli bila kufikiri: mtoto mmoja, kitabu kimoja, jicho moja, mahali pamoja. Basi mwanafunzi asiambiwe kwamba Kihispania kina jambo jipya linaloitwa upatanisho. Aambiwe kwamba Kihispania kina ngeli mbili tu, ya kiume na ya kike, na kwamba neno la moja hupatana nazo kama la kwetu. Aliyezimudu ngeli zetu zote hawezi kushindwa na mbili.

Msaada wa Kiswahili hauishii hapo. Mwanafunzi anajua kwamba si kila tarakimu hupatana. Husema vitabu viwili na watoto wawili, lakini husema vitabu sita na watoto sita, kwa kuwa sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu nayo hayachukui kiambishi. Kwa hiyo mwalimu aeleze kwamba katika Kihispania "uno" ni ndugu wa "-moja", na "dos, tres, cuatro" na zinazofuata ni ndugu wa "sita": "dos libros, dos mesas", bila badiliko. Mamia kuanzia mia mbili hadi mia tisa nayo hupatana, "doscientos libros" na "doscientas mesas", lakini hayo yangoje wakati wake.

Hata nomino zinazokiuka umbo lake si jambo geni. Wanafunzi huambiwa kwamba nomino nyingi zinazoishia kwa "-o" ni za kiume na nyingi zinazoishia kwa "-a" ni za kike. Mara hukutana na "una mano", mkono mmoja, na "un día", siku moja, na "un mapa", ramani moja, wakanung'unika kwamba wamedanganywa. Hapo mwalimu awaulize: Je, kifaru huanza na "ki-"? Mbona hatusemi kifaru kimoja? Darasa litacheka, na jambo litakuwa limekwisha. Kila lugha ina vifaru vyake.

Ila tofauti moja itajwe. Sisi tunasema kifaru mmoja kwa sababu tunaangalia uhai wa kiumbe. Katika Kihispania jinsia ni ya neno, na mara nyingine haimtazami mtu. Mwanamume ni "una persona", kwa kuwa neno "persona" ni la kike, na hakuna anayeona ajabu.

Nomino inapokuja nyuma

Kama Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi kiasi hicho, kwa nini bado anakosea? Jibu langu, baada ya kusikiliza makosa mengi, ni kwamba ugumu hauko katika upatanisho bali katika mpangilio wa maneno.

Sisi hutaja nomino kwanza, kisha idadi. Msemaji anapofika kwenye "-moja" amekwisha kutamka "kitabu", na ngeli iko mdomoni mwake tayari. Katika Kihispania idadi hutangulia. Msemaji hana budi kujua jinsia ya nomino kabla hajaitamka nomino yenyewe. Akianza "uno..." huku akitafuta neno, amekwisha kukosea, hata kama neno atalipata. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba "mesa" ni meza na "uno" ni moja ana matofali mawili tu. Sarufi itamtaka ayaunganishe wakati wa kusema, na huo ndio wakati ambao hana nafasi ya kufikiri.

Kutokana na hayo naona kanuni moja ambayo mwalimu asiivunje: nomino ya Kihispania isifundishwe kamwe peke yake. Isiandikwe "mesa" ubaoni, bali "una mesa". Isiandikwe "libro" katika daftari la msamiati, bali "un libro". Mwanafunzi alijue neno pamoja na "un" au "una" yake kama ajuavyo jina la mtu pamoja na jina la babaye. Samaki mkunje angali mbichi. Nomino mia tatu zikikaririwa bila jinsia, kazi ya kurudi nyuma kuzitafutia jinsia ni kubwa kuliko kazi ya kujifunza upya.

Mitego minne

Mtego wa kwanza ni mia na elfu. Sisi husema mia moja na elfu moja, na mwanafunzi hutaka kusema "un cien" au "uno mil". Kihispania husema "cien libros" na "mil libros" bila neno la moja. Mwaka 1968 husomwa "mil novecientos sesenta y ocho". Neno hilo hurudi katika milioni tu, "un millón de libros", pamoja na "de" katikati.

Mtego wa pili ni idadi zinazoishia kwa moja. Hapa Kiswahili ni mwalimu mzuri. Tunasema vitabu ishirini na kimoja: nomino iko katika wingi, lakini "kimoja" kimebaki katika umoja. Kihispania hufanya vivyo hivyo: "veintiún libros, veintiuna mesas, treinta y un días, treinta y una sillas". Katika kuhesabu tu ni "veintiuno" na "treinta y uno". Wanafunzi wengi hudhani kwamba upatanisho huisha baada ya kumi. Haukomi: hata mia na moja ni "ciento un libros" na "ciento una mesas".

Mtego wa tatu ni kazi ya "un" na "una" isiyo ya kuhesabu. Maneno haya mara nyingi hayana nia ya kusema "moja, si mbili", bali hutaja kitu ambacho msikilizaji bado hakijui. Sisi pia tunayo matumizi hayo tunaposimulia kwamba palikuwa na mzee mmoja. Lakini Mhispania akitaja kazi ya mtu huliacha neno hilo: "Soy profesor", mimi ni mwalimu. Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza kwanza husema "Soy un profesor", kwa kuwa Kiingereza kimemzoeza kuweka neno dogo mbele ya kazi. Mwalimu amrudishe kwenye Kiswahili chake, nacho kitamwonyesha njia. Neno hilo huingia pale sifa inapoongezwa: "Soy un profesor joven", mimi ni mwalimu kijana.

Mtego wa nne ndio uliomnasa kijana wangu. "La una" ni saa ya kwanza baada ya saa sita kwa hesabu yetu, yaani saa saba. Sisi huanza kuhesabu saa kwa mapambazuko na machweo, na wao huanza usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita kamili. Saa moja asubuhi ni "las siete de la mañana". Tena sarufi ina lake: saa hii husemwa katika umoja, "es la una", na nyingine zote katika wingi, "son las dos, son las tres". Hutumika "una" kwa sababu neno lililofichwa ni "hora", saa, ambalo ni la kike. Saa isifundishwe kwa tafsiri. Ifundishwe kwa uso wa saa ya mishale, na mwanafunzi aseme Kihispania kile anachokiona mshale ukionyesha, kisha ndipo aseme kwa Kiswahili yeye mwenyewe huwa yuko wapi wakati huo. Akisema "Es la una" halafu "niko mezani, nala chakula cha mchana", mwalimu anajua kwamba ameelewa.

Kwa karibu na hayo, mwalimu atahadhari na "mara moja". Katika hesabu ni "una vez", na hadithi za Kihispania huanza kwa "Había una vez", kama zetu zianzavyo kwa "Hapo kale". Lakini "Njoo mara moja" si "Ven una vez". Ni "Ven enseguida", kwa kuwa hapo hatuhesabu mara, tunahimiza.

Hatua za somo

Somo la kwanza halihitaji vifaa vya gharama. Mwalimu alete vikapu viwili na vitu vya kawaida: kitabu, penseli, daftari na yai kwa upande wa kiume; chungwa, rula, chaki na jiwe kwa upande wa kike. Katika hatua ya kwanza ainue kitu kimoja kimoja, akitaje kwa ukamilifu, "un libro, una naranja, un huevo, una piedra", kisha akiweke katika kikapu chake. Asieleze kanuni. Baada ya vitu vinane, ainue kitu na awaulize wanafunzi kikapu. Wengi watakuwa wamekwisha kugundua wenyewe, na kanuni aliyoigundua mwanafunzi haisahauliki upesi.

Katika hatua ya pili, nomino iachwe. Mwalimu aulize "¿Cuántos libros?" huku akionyesha kitabu kimoja, na mwanafunzi ajibu "Uno". Aulize "¿Cuántas naranjas?" na ajibiwe "Una". Hapa ndipo "uno" inapozaliwa darasani, baada ya "un" na "una", si kabla. Wakumbushwe kwamba kwetu pia jibu la "vitabu vingapi" ni "kimoja", wala si "moja".

Katika hatua ya tatu liwepo soko. Mwanafunzi mmoja awe muuzaji na wengine wanunuzi: "Deme un huevo y una naranja", nipe yai moja na chungwa moja. Anayekosea asipewe kitu. Muuzaji mwenyewe atakuwa msahihishaji mkali kuliko mwalimu.

Orodha ya "uno, dos, tres" ije katika hatua ya nne, na idadi kubwa pamoja na saa zije katika majuma yanayofuata.

Kusahihisha

Daftari lililojaa alama nyekundu halimwambii mwanafunzi kitu. Mwalimu ayatenge makosa kwa asili yake. "Uno libro" ni kosa la irabu isiyoangushwa. "Un mesa" ni kosa la jinsia isiyojulikana. "Uno mil" ni kosa lililotoka katika Kiswahili, na "Soy un profesor" ni kosa lililotoka katika Kiingereza. La kwanza hutibiwa kwa mazoezi ya kinywa, la pili kwa kurudia msamiati, na mawili ya mwisho kwa maelezo mafupi. Anayetibu yote kwa dawa moja hatamponya mgonjwa hata mmoja.

Na kosa likisikika darasani, mwalimu asiruke na jibu. Aulize tu: "Je, ungesema kitabu mmoja?" Mwanafunzi atajisahihisha, na atajua kwamba sikio lake, ambalo amekuwa nalo tangu utotoni, lina thamani hata katika lugha ya kigeni.

Yule kijana alirudi kwangu baada ya msimu ule, tukaanza upya. Sikumpa orodha. Tulikaa mbele ya saa ya ukutani na kikapu cha vitu, akaanza kwa "un" na "una". Siku alipopata kazi alinipigia simu kunieleza, nami nikamwuliza anatakiwa kufika saa ngapi. Alinijibu kwa Kihispania kwanza, kisha kwa Kiswahili, na saa zote mbili zilikuwa sahihi.